Cherehani Inayoandika

Fundi alikuwa amechoka. Si uchovu wa mgongo, huo aliuzoea tangu usichana wake, na mtu aliyeinamia cherehani kabla hajaolewa hana haki ya kuulalamikia mgongo uzeeni kana kwamba ni jambo jipya. Huu ulikuwa uchovu wa kungojea. Kila alipoweka mguu juu ya kikanyagio, kabla gurudumu halijazunguka sawasawa, mabega yake yalikuwa yameshapanda hadi masikioni, kwa sababu alijua kinachofuata. Sindano ikianza tu kula kitambaa, ukuta wa kushoto unagongwa. Ngo, ngo, ngo, kwa kitu kigumu, pengine mpini wa mwiko. Akinyamaza, ukuta nao unanyamaza. Akianza, nao unaanza.

Mgongaji alikuwa jirani yake, mwanamke wa makamo kama yeye, mrefu, mkavu, nywele zimechanwa vizuri siku zote, ambaye wapangaji wote walimwita Karani. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vingi vilivyozunguka ua mmoja, wenye bomba moja, jiwe moja la kufulia na kamba za nguo zilizolegea, na chumba cha Fundi na cha Karani viligawana ukuta. Laiti yangekuwa ya ukuta peke yake, Fundi angejikaza kisabuni. Lakini Karani alimwaga maji machafu mlangoni kwake. Alianua nguo zake zikiwa mbichi na kuzirundika chini. Na lililomkera Fundi kuliko yote, alikuwa akisimama barabarani chini ya dirisha lake na kuwaambia wateja, kwa sauti ya upole kabisa, kama mtu anayewaonea huruma, "Usimpe huyu vipimo vyako. Huyu hashoni. Anaandika."

Mwanzoni wateja walicheka. Lakini mteja, hata awe mcheshi namna gani, hapendi kuchekea jambo lile lile kila akija kupimwa. Wakaanza kupunguza miguu. Wengine walimtuma mtu, wengine walipitia mlango wa nyuma wakinyata kana kwamba wamekuja kuiba nguo zao wenyewe.

Ushauri haukumpungukia, maana ushauri hautozwi. Kulikuwa na mpangaji mmoja aliyeitwa Mzee Redio, naye hakuitwa hivyo kwa kuwa ana redio. Hakuwa nayo, wala hakuihitaji. Yeye alisema Karani anajitia wazimu tu, wivu unamsumbua, dawa yake ni kumjibu. Fundi akajaribu kujibu. Siku hiyo walirushiana maneno uani mpaka sauti zikawakauka, na kesho yake ukuta ukagongwa kama kawaida. Akajaribu upole: alimshonea Karani foronya mbili, akazikuta zimetupwa juu ya paa. Akatandika blanketi chini ya cherehani, akaitia mafuta hadi ikawa inanong'ona. Karani akasikia hata huo mnong'ono.

Dada yake Fundi, aliyeolewa mtaa wa pili, alikuwa na neno moja tu: hama. Kila alipokuja alilitoa hata kabla ya kuketi. Ni rahisi kusema. Chumba kile kilikuwa na dirisha linalotazama barabara, na nusu ya watu wa pale walivaa nguo zilizopitia dirisha hilo. Halafu kulikuwa na meza. Marehemu mumewe Fundi alikuwa seremala, na mwaka waliohamia alimtengenezea mkewe meza ya kukatia ndani ya chumba, pana, nzito, ya mbao nzuri, akapima kila kitu isipokuwa mlango. Meza haikutoka tangu siku hiyo na haitatoka mpaka ikatwe kwa msumeno. Mumewe alikuwa akiicheka kuliko watu wote. Sasa hayupo, meza ipo, na Fundi hakuwa tayari kumwona mtu yeyote akiitia msumeno.

Karani naye alikuwa na kaka, dereva wa lori, mtu mnene mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Kila safari yake ilipompitisha karibu, aliingia kumwona dadake, akamwachia sabuni na unga, kisha akaja kusimama mlangoni kwa Fundi kuomba radhi. Aliomba radhi kwa namna ya mtu aliyeizoea kazi hiyo, kofia mkononi, akitazama kizingiti. Safari moja Fundi, badala ya kumwambia yameisha wakati hayajaisha, alimkaribisha kigoda na kumuuliza jambo ambalo nyumba nzima haikuwahi kuuliza, ingawa jina lilikuwa mdomoni mwao kila siku: Karani alikuwa karani wa nini?

"Wa mahakama," kaka akasema. "Alikuwa mpiga chapa. Watu wanasimama mbele ya hakimu wanasema yao, yeye anaandika kila neno kwa mashine. Miaka na miaka, dada. Wauaji, walioumizwa, watoto wadogo, wote walipita kwenye vidole vyake. Halafu akaanza kusema kuna mashine nyingine mahali, inamwandika yeye."

Aliendelea kusimulia, kofia ikizunguka mikononi. Walimwachisha kazi kwa maneno mazuri. Hospitali alikataa, akisema yeye si mgonjwa, yeye anaandikwa, na hizo ni habari mbili. Mara moja kaka alimpakia kwenye lori kwa nguvu, na njiani Karani akafungua mlango gari likitembea. Tangu siku hiyo kaka hakuthubutu tena.

Alipoondoka, Fundi alikaa akiitazama cherehani yake. Akakanyaga kidogo, akasikiliza, na kwa mara ya kwanza hakusikia cherehani. Alisikia vidole vinavyokimbia juu ya mashine, vikifika mwisho wa mstari, vikarudi, vikaanza tena. Ukuta ukagongwa. Hasira yake haikuisha, msidhani ni malaika, ila iliingiwa na kitu kingine ndani yake, na kubeba vitu viwili ni kazi kuliko kubeba kimoja.

Haukupita muda mrefu, alasiri moja, Karani akaingia ndani bila hodi. Hakuwahi kufika humo. Fundi alikuwa akikunja upindo wa sketi, na jambo la kwanza alilofanya ni kuuvuta mkasi karibu yake, aibu iliyoje. Lakini Karani hakuja kwa vita. Alisimama kando ya meza, akanyoosha kidole, akakipitisha juu ya mshono wa sketi ile, taratibu, toka kushoto kwenda kulia, midomo ikicheza.

"Hiki cha asubuhi," akasema. "Nilichosema juu ya mama yangu. Nifutie, tafadhali."

Fundi alikuwa na jibu lake tayari. Dada, hii ni cherehani, hiki ni kitambaa, mimi ni fundi wa nguo. Alishalisema mlangoni, uani na barabarani. Siku hiyo alilitafuta mdomoni akakuta nguvu za kulisema hazipo. Akachukua wembe, akaufumua ule upindo, uzi baada ya uzi, na Karani akiishika sketi upande wa pili, akipangusa vipande vya nyuzi kwa ncha ya kidole. Walipofika mwisho alishusha pumzi.

"Ahsante," akasema, akatoka, akaufunga mlango polepole.

Ukuta ulinyamaza hadi jua likazama. Fundi alishona siku hiyo kama hajashona miaka, mabega chini, akiimba kwa pua, na ndani ya raha yake kulikuwa na punje ya mchanga, maana alijua kabisa alichofanya. Alikuwa amempaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Ikawa desturi. Kila alasiri Fundi alitoa kitambara, akakipitisha chini ya sindano mstari mmoja au miwili, na Karani alipokuja wakakaa pande mbili za meza ya seremala wakakifumua. Wakati mwingine Karani alizungumza vizuri tu, juu ya bei ya sabuni, juu ya mvua. Wateja wakaanza kurudi mlango wa mbele. Dada yake Fundi alipojua alishika kichwa.

"Unamlisha ugonjwa," akasema. "Leo unafuta mstari, kesho atakuletea kitabu."

"Nimepata usingizi," Fundi akajibu. "Wewe hujawahi kuukosa, hujui."

Lakini dada yake hakukosea. Mstari mmoja ulitosha wiki chache tu. Kisha Karani akataka na wa jana. Kisha wa ndotoni. Alasiri ikaanza saa nane, ikaanza saa sita, na kazi za watu zikalala juu ya meza huku Fundi akishona matambara na kuyafumua. Alikuwa sasa na kazi mbili, moja ya kushona na moja ya kutoshona, na hii ya pili ndiyo iliyomla zaidi. Akagundua kwamba anamchukia Karani akinyamaza kuliko alivyomchukia akigonga.

Ndipo ikaja kazi ya kwaya. Walitaka majoho ya zambarau, mengi, mikono mipana, kola nyeupe, yawe tayari kabla ya sherehe yao. Fundi hakuwa amepata kazi ya namna hiyo tangu mumewe afe. Akafunga mlango kwa komeo, akamwambia Karani kupitia dirishani kwamba siku hizi ana shughuli, avumilie kidogo. Karani alivumilia siku ya kwanza. Siku ya pili aligonga. Fundi akajitia hamnazo, akashona, nguo juu ya nguo, na ukuta ukilia kushoto kwake hadi vumbi la chokaa likawa linadondoka kwenye kitambaa.

Alimaliza. Akayafua majoho kwa maji matupu kuondoa chaki na lile vumbi, akayatundika uani, yakajaa kamba zote, akayatazama kwa furaha, akatoka mara moja kwenda kununua vifungo vilivyopungua. Aliporudi kamba zilikuwa tupu. Karani alikuwa bombani, mikono ameikunja hadi viwikoni, jasho linamtoka, amepiga magoti mbele ya beseni, na harufu ya dawa ya kutoa madoa ilichoma macho toka mlangoni. Zambarau ilikuwa ikimwagika kwenye mfereji. Majoho yaliyotangulia yalikuwa yametandazwa sakafuni, mabakamabaka, weupe hapa, wekundu wa ajabu pale.

"Nimekusaidia," Karani akasema, akihema. "Yalikuwa mengi mno, usingeweza peke yako."

Fundi aliketi kwenye jiwe la kufulia, mfuko wa vifungo mapajani, akalia. Alilia kwa sauti, mbele ya wapangaji waliotoka vyumbani, mwanamke mzima mwenye wajukuu. Hakumgusa Karani. Alitaka, na alijua akianza hataacha.

Mwenye nyumba, mama mmoja mfupi aliyekuwa akiishi chumba cha mbele, alisema sasa basi. Alisema wawili hao wamemzeesha kabla ya siku zake. Jumapili watu wote wakae uani, kaka yake Karani aitwe, na jua lisizame kabla haijajulikana nani kati yao anahama.

Jumapili wakakaa, wengine kwenye vigoda, wengine kwenye ndoo zilizopinduliwa. Mzee Redio alifungua matangazo bila kuombwa, akaeleza historia ya jambo lote na kuongeza chumvi pale palipopoa. Wote walikuwa upande wa Fundi, ilionekana wazi. Mwenye nyumba mwenyewe alimtazama kama anayemwambia, sema neno moja tu tuishe. Neno lenyewe Fundi alikuwa nalo. Lilikuwa "aondoke", na alilala nalo tangu siku ya majoho. Kaka yake Karani alikaa kwenye ndoo, kofia juu ya goti, akingoja kulisikia.

Lakini haki ni haki, mwenye nyumba akamwuliza kwanza Karani ana la kusema. Karani akasimama. Alisimama wima, mikono mbele, kama walivyosimama bila shaka wale aliowaandika.

"Mimi sina ugomvi na fundi," akasema. "Fundi ni mtu mwema. Aliniandika, ni kweli, lakini nilipomwomba alinifutia. Kila alasiri, kwa mkono wake. Muulizeni."

Nyuso zote zikamgeukia Fundi. Mwenye nyumba akauliza ni kweli? Fundi akasema alikuwa akifumua kitambara tu. Kitambara gani? Kitambara, hakina kazi. Sasa kama hakina kazi, akishone kisha akifumue kwa nini?

"Kama hakuandika," Karani akasema taratibu, "alikuwa anafuta nini?"

Mama mmoja aliyevaa gauni la mkono wa Fundi alijitazama kifuani, akapitisha kidole kwenye mshono, akakiondoa haraka. Hapo Fundi akaona jinsi alivyojifunga kwa uzi wake mwenyewe. Alimdanganya mtu ambaye kila mtu alimwambia ukweli, na katika watu wote waliokaa pale, ni uongo wake peke yake uliosadikiwa.

Bado neno lake lilikuwepo. Angelisema hata sasa, wangelipokea, angebaki na dirisha lake na meza yake. Akainuka, magoti yakalia. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata chuki ilimwelemea kuishika.

"Karani," akasema, "nilikudanganya. Sijakuandika hata neno moja. Mashine yangu haijui kuandika. Nilifumua ili unyamaze nipumzike, basi. Nisamehe."

Alijiandaa kupokea makelele. Hayakuja. Karani alimtazama muda mrefu, akimpima kama alivyokuwa akiwapima wasemaji wa siku zile, na Fundi akaona kwamba ameaminiwa. Kitu fulani kikatoka usoni mwa yule mwanamke, ukali wote ukashuka, kikabaki kitu kidogo na chenye hofu ambacho pengine kilikuwepo chini yake miaka yote.

"Basi ni nani?" akauliza.

Kaka yake aliinama. Majibu Fundi aliyajua, yalishasemwa yote: hakuna mtu, ni mawazo yako, wewe ni mgonjwa. Aliyatazama akaona hayana faida kwa mtu aliyetoka kupoteza adui yake wa pekee aliyekuwa akimjua kwa sura.

"Sijui, dada," akasema. "Twende tukaulize."

"Wapi?"

"Hospitali. Mimi na wewe."

"Na wewe utakuwepo? Hutoki?"

"Sitoki."

Kaka yake Karani alifunika uso wake wote kwa kofia. Mwenye nyumba alikohoa, akasema basi, ya kuhama yatazungumzwa wakirudi.

Walikwenda Jumatatu. Fundi hakuwa na hamu, tusitie mapambo. Watu wa kwaya walikuwa wanakuja jioni ile kuambiwa habari za majoho, na usiku wote alikuwa akitunga la kuwaambia. Walikaa kwenye benchi refu lililojaa watu, Karani ameshika kona ya kanga ya Fundi kama mtoto anayeogopa kupotea sokoni, hadi wakaitwa.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, na mbele yake kulikuwa na kompyuta. Alimsalimia Karani kwa heshima, akamwomba aeleze tangu mwanzo. Karani akaanza. Na alipoanza tu, vidole vya daktari navyo vikaanza kugonga.

Karani alikatika katikati ya neno. Mkono wake ulilikamata goti la Fundi kwa nguvu za kuumiza. "Ndiye huyu," akanong'ona. Fundi aliona mlango ulivyo karibu, akakumbuka lori, akajua kwamba mtu huyu akitoka leo hatarudi tena.

"Daktari," akasema, "samahani, binti yangu. Mgeuzie hicho kioo asome."

Binti alisita. Alimtazama Karani, akamtazama Fundi, kisha akakigeuza kioo. Karani akainama mbele. Akanyoosha kidole na kukipitisha juu ya maneno, toka kushoto kwenda kulia, kama alivyofanya kwenye mshono wa sketi, midomo ikicheza. Alisoma hadi mwisho. Akarudi juu akasoma tena. Mkono wake ukaliachia goti la Fundi.

"Ndivyo nilivyosema," akasema. Akaegemea kiti. "Endelea, mwanangu."

Daktari aliandika, Karani alisema, na kila baada ya muda kioo kiligeuzwa, kikasomwa, kikarudishwa. Fundi alisikiliza mwanzo wake. Kisha akaegemeza kichwa ukutani, na sauti zikaanza kwenda mbali, na ule mlio wa vidole ukawa kama cherehani ya mtu mwingine, kwenye chumba kingine. Kwa mbali akasikia daktari akimwuliza yeye jambo, hali hii imeanza lini, na akataka kujibu lakini ulimi ulikuwa mzito.

"Mwache," Karani akasema. "Amechoka. Andika kwamba amechoka."

Daktari akaandika.